Semina ya Wafanyakazi Wote

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya amesinzia ili asikie vizuri. Mbele yake mama mmoja, mwenye mradi wa asali unaolisha wajane wa kijijini, alikuwa amepakata mzinga uliofungwa kitambaa.

"Mama, umebeba nini?" aliuliza afisa wa kusaidia miradi aliyekaa naye.

"Wafanyakazi. Mlisema bila wote kuhudhuria semina, mashine ya kukamulia hatupati."

"Tulimaanisha watu, mama."

"Sisi tunauza tu, mwanangu. Wanaofanya kazi ni hawa."

Afisa alifikiri, kisha akauliza taratibu, "Watatulia ukumbini?"

"Mkufunzi wenu akifupisha."

Dereva alifunga breki ghafla, mzinga ukaanza kuvuma. Nyumbani kwa fundi kulikuwa bado mbali, lakini alishuka hapohapo.