Baba Noela wa Kikundi cha Nne

Mama yetu, binti yetu Noela, wageni mliotoka Geita, na ninyi mliosimama nje ya uzio wa minyaa mkisema hamjaja msibani bali mnapita tu, mimi ni Scolastika Jilala, dada mkubwa wa marehemu, na historia hii ninaisoma mimi kwa sababu baba yetu mdogo, mzee Maige, ambaye kwa desturi ndiye angeisoma, alituma ujumbe jana kwamba koo lake linamsumbua. Koo hilo juzi kwenye dagashida, baraza letu la kijiji, lilisikika mpaka barabarani. Spika hizi zimetoka Geita kwa basi, zina nguvu, kwa hiyo na wanaopita tu watasikia.

Marehemu Enock Jilala Masele alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1986, hapa hapa nyumbani, mbele kidogo ya Samuye, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu mzee Jilala Masele na mama Bernadina, na mkunga aliyempokea alikuwa bibi yake mwenyekiti wetu wa sasa, jambo ambalo ningeomba mwenyekiti alikumbuke anapoendelea kuegemea baiskeli yake pale.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1994 akamaliza mwaka 2000, akasoma sekondari Shinyanga mjini kuanzia 2001 hadi 2004, kidato cha tano na sita Tabora kuanzia 2005 hadi 2007, kisha akapata shahada ya rasilimali watu Dar es Salaam mwaka 2010. Katikati ya masomo hayo, tarehe 9 Septemba 2003, baba yetu alifariki, na Enock, akiwa na miaka kumi na saba, alisimama pembeni akiangalia vijana wa kijiji wakichimba kaburi la baba yake, kwa kuwa kwetu mfiwa hachimbi, majirani ndio wanaomchimbia. Aliniambia siku ile kwamba hajawahi kuona watu wakipendwa kwa jasho namna hiyo. Tangu hapo, kila alipokuwa likizo na msiba ukatokea, alitangulia na jembe, na nimekaa na mama tumeyahesabu, ni makaburi kumi na manne ya kijiji hiki, likiwemo la mke wa mzee Maige, na la yule mkunga niliyemtaja, ambalo alilichimba kwenye mvua akiwa na homa. Naomba namba hiyo ikae vichwani mwenu, nitairudia.

Kwa upande wa kazi, mwaka 2011 alianza kama karani kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu wa wachimbaji wadogo huko Nyarugusu, na tarehe 1 Aprili 2014 aliajiriwa na kampuni ya mgodi mkubwa, ambayo sitaitaja, kama afisa rasilimali watu. Kampuni hiyo ina utaratibu mzuri, mfanyakazi akifa inatoa basi la kupeleka wenzake mazikoni, ila wakati ule karatasi ilibandikwa ukutani nje ya bwalo la chakula, na anayetaka kwenda anaandika jina lake. Mwezi Agosti 2015 alifariki Nasibu, mchoronga mwamba, mwenye mashine ya kutoboa, kutoka Tanga, kwa malaria, kwenye nyumba ya wageni Buseresere. Maneno yalikuwa yamesemwa juu ya Nasibu, kwamba ni mwanaume anayependa wanaume, na ndugu zake walipopigiwa simu walikata. Karatasi ilikaa ukutani siku mbili bila jina hata moja, kwa sababu hakuna aliyetaka jina lake lisomwe karibu na lile, watu walipita na sahani zao za wali wakiangalia pembeni. Basi lilikwenda na dereva na Enock. Walichimba wawili, dereva, ambaye ni Mwislamu, akasoma dua alizozijua, na Nasibu akazikwa bila watu. Ndugu yangu alirudi hapa na viganja vimechubuka, akakaa jikoni kwa mama, akasema maneno haya tu: "Mama, hata mbwa wetu tulimzika watu watatu."

Mwaka 2021 makao makuu ya kampuni, yaliyo ng'ambo, yaliagiza kila mgodi uwe na vikundi vya wafanyakazi vya kusaidiana, cha kwanza cha wanawake, cha pili cha vijana, cha tatu cha watu wenye ulemavu, na cha nne cha wale ambao ninyi mna jina lao mliloliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa mama yangu, yaani mashoga na wasagaji, pamoja na ndugu na rafiki zao. Mameneja wakubwa walikiruka cha nne kama mtu anavyoruka kinyesi njiani. Enock alikichukua. Hakukipa jina, kikaitwa Kikundi cha Nne, kikakutana kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi kwenye chumba cha mafunzo, watu kumi na mmoja, wengine wakiwa mama na kaka wa wahusika tu, na kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kujua nani ni nani, maana daftari la mahudhurio halikuwepo, alilikataa.

Kisha yakaja makasha. Huko ng'ambo mwezi wa Juni watu hao hutembea barabarani na bendera za rangi za upinde wa mvua, wanauita mwezi wa Fahari, na makao makuu yakataka Geita nayo iwe na sherehe, yakatuma bendera, maputo, fulana na maelekezo ya keki. Fulana! Katika nchi ambayo sheria inaweza kumfunga mtu maisha, wao wanatuma fulana zenye saizi zote. Enock aliyafunga makasha yale stoo, akaandika mpango wake wa ukurasa mmoja, ambao ninao hapa mkononi, na unasema hivi kwa kifupi, kwamba bendera zisipandishwe, picha zisipigwe, majina yasiandikwe popote. Kwamba ile karatasi ya ukutani iondolewe kabisa, na badala yake mfanyakazi yeyote akifa, zamu nzima iliyo mapumzikoni ipande basi, wote, wakiwa na ovaroli na kofia za kazi, ili asijulikane aliyekwenda kwa mapenzi na aliyekwenda kwa zamu. Na kwamba sherehe ya Kikundi cha Nne iwe kila Jumamosi ya kwanza ya Juni, kwenda Buseresere kulimia kaburi la Nasibu na kula chakula pale kando yake. Hiyo ndiyo fahari aliyoipanga ndugu yangu. Wakubwa waliupitisha mpango huo kwa sababu ulikuwa rahisi na kwa sababu hawakuuelewa, na mwaka 2022 na 2023 walikwenda, walilima, walikula, walirudi, na hakuna jani lililotikisika.

Jumamosi ya tarehe 1 Juni 2024 aliongozana nao mama mmoja wa makao makuu, mgeni, mwenye roho nzuri, naambiwa, na roho yake nzuri ndiyo iliyomuua ndugu yangu. Alilia pale kaburini, akaomba picha moja tu ya Enock akiwa na jembe, ya kuweka kwenye faili lake, Enock akakataa, akaomba tena, na Enock, ambaye tangu utoto hakujua kumkatalia mtu mara mbili, alisimama akapigwa picha. Jumatatu tarehe 3 picha ilikuwa kwenye jarida la kampuni mtandaoni na kwenye runinga zote za bwalo, imezungushiwa upinde wa mvua, jina kamili, cheo, na maneno ya kumpongeza kwa ujasiri, maana walikuwa wamempa tuzo. Kufikia saa kumi jioni picha hiyo ilikuwa kwenye simu ya mzee Maige.

Mnajua yaliyofuata, mliyafanya ninyi. Dagashida ilikaa chini ya uenyekiti wa mwenyekiti wetu huyu mwenye baiskeli, mzee Maige akiwa msemaji wa kwanza, na mama yangu, mjane wa miaka sabini na moja, akatengwa, asipewe moto, asisagiwe mahindi, asisalimiwe, na atakayevunja alipe ng'ombe. Amekaa mwaka mzima akitwanga kwa kinu. Huyu Enock, ambaye kijiji kizima kilimwita Baba Noela, siku moja tu akawa hana jina. Nayo kampuni, iliyompongeza kwa ujasiri, ilimpa likizo ya lazima kwa usalama wake, na tarehe 31 Desemba 2024 mkataba wake ulipokwisha haikuuongeza. Yule mama wa makao makuu alipiga simu akalia tena. Nilimwambia alie kimyakimya.

Kuhusu ndoa, nimeshauriwa na wengi nikiruke kipengele hiki. Marehemu hakuoa. Yupo mtu aliyemkogesha, aliyemlisha, aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake, na sitamtaja, kwa kuwa nimefundishwa na kampuni kutaja jina kunafanya nini.

Kuhusu watoto, marehemu ameacha mtoto mmoja, Noela, aliyeachwa na dada yetu Mariana alipofariki kwa uzazi mwaka 2009, ambaye Enock alimchukua akiwa na siku nne, akamlea, akamsomesha, na sasa yuko kidato cha nne. Noela alitaka kusoma neno lake hapa, nikamkatalia, si kwa ubaya mwanangu, bali sitaki hawa wauzoee uso wako.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alisumbuliwa na figo, nasema figo, wala si hayo mnayonong'onezana pale uzioni. Aligundulika Februari 2025, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali moja Mwanza, wakati kadi yake ya bima ya kampuni imekwisha kuzimwa, na Jumatano tarehe 4 Juni 2025, saa tano asubuhi, alifariki dunia. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa ombi, na ndilo lililonitia hofu siku hizi tatu kuliko kifo chenyewe. Alisema: "Dada, nizikwe kwa baba. Ila nisizikwe kama Nasibu."

Alhamisi nilikuja hapa nikapita nyumba kumi na nne, zile zile zenye makaburi kumi na manne, nikiomba mkono mmoja wa jembe kila nyumba. Nilijibiwa kwamba uamuzi wa dagashida haujatenguliwa. Masele wa pale kwenye mwembe, tunayefanana naye jina tu, ambaye Enock alimchimbia mtoto, alinijibu akiwa amefunga mlango, nilimsikia anatafuna. Nilirudi, nikachukua jembe la baba, nikaanza mwenyewe, mfiwa, mwanamke, ardhi ni ngumu, nikafika magotini, nikakaa chini nikalia kwa hasira.

Jana Ijumaa saa nane mchana basi liliingia. Hakuna karatasi iliyobandikwa mahali, Enock aliiondoa yeye mwenyewe, na japokuwa hakuwa tena mfanyakazi, zamu iliyo mapumzikoni ilipanda yote, watu arobaini na watatu, ovaroli za rangi moja, kofia za rangi moja. Wengi wao hawahusiki na Kikundi cha Nne, ni wachimbaji tu, na mmekodoa macho tangu jana mkijaribu kuchambua nani ni nani, hamjaweza, hata mimi sijaweza. Walipima kwa kamba, wakagawana zamu, wanawake nao wakashuka shimoni, mkashika vinywa, na kazi ambayo vijana wenu huimaliza mchana kutwa waliimaliza kwa saa moja na nusu, kuta zimenyooka kama za ndani ya mgodi. Kampuni nayo imetuma shada la rangi saba. Limebaki kwenye basi.

Sasa zimebaki shukrani, na najua wapo waliozoea kusikia majina yao hapa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza, hasa waliomsafisha damu mara mbili bila kuuliza kadi. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, ambao kwao ninasema wabeja, wabeja sana, wala sitamtaja hata mmoja. Kwa majirani, yupo mmoja aliyepenyeza mkono kwenye uzio huu jana alfajiri na kaa la moto juu ya kigae, mama akapika uji, naye pia sitamtaja, ng'ombe wake abaki zizini. Wanaotajwa leo ni mzee Maige, mwenyekiti, na Masele wa kwenye mwembe. Hao nimewataja kwa sauti, na wageni hawa wamewasikia.

Leo ni tarehe 7 Juni, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ambayo Kikundi cha Nne kilipaswa kuwa Buseresere. Wamenituma niwaambie kwamba sherehe ya mwaka huu ni hapa, na ya mwaka ujao pia, watakuja kulima, na watapita barabara hii hii mbele ya milango yenu.

Enock Jilala Masele, Baba Noela, ulichimba kumi na manne, hakuna aliyekurudishia hata moja, na bado umechimbiwa. Pumzika sasa, mdogo wangu. Umezikwa na watu.