Mashairi ya Qali Hared ni ya Qali Hared

Marehemu Qali Hared alikuwa hajaoshwa bado, jirani yetu mmoja akasema mlangoni, "Maskini, lakini mashairi si yalikuwa ya mumewe? Tumeona kwa macho yetu kwenye filamu." Jina la jirani nalihifadhi, kwa sababu chai ya tazia anakunywa nasi hapa. Uvumi huo ulimtesa marehemu miaka miwili, kwa hiyo wasifu wake lazima uanzie hapo.

Mama, yaani mama mkwe wangu, alizaliwa mwaka wa 1936 karibu na Balambala, binti wa pili wa mzee Hared Billow, mfugaji. Shule ya serikali hakuiona. Alisoma chuo cha Qur'ani, na kalamu aliishika ukubwani, 1974, kwenye darasa la ngumbaru hapa Garissa, mwanawe Mowlid akiwa mgongoni. Kutunga alianza zamani, akifuata mbuzi. Watu waliyabeba mashairi yake kabla hajajua kuyaandika, na kila aliyeyaghani alianza kwa kusema, "Qali Hared asema." Kwetu shairi haliendi bila jina la mwenyewe. Ukilificha jina, umeiba. Kitabu chake kilipochapishwa mwaka wa 1983, jina hilo lilisikika mpaka redioni.

Aliolewa mwaka wa 1955 na Duale Abdisamad, mtu wa ngamia, mpole sana. Shairi halikukaa kichwani mwake. Siku moja huko Diff alianza vizuri, "Qali Hared asema," mstari wa pili ukampotea, akaujaza kwa sifa za ngamia aliyekuwa akimuuza. Watu walicheka mpaka mnunuzi akaondoka. Mama alipokisimulia kisa hicho, Duale alimjibu, "Ngamia yule alistahili shairi kuliko wewe." Duale alifariki mwaka wa 1989.

Mwaka wa 1995 watu wa filamu walikuja kutoka Nairobi kuigiza maisha yake. Walimkuta mjane, na mjane kwetu humsifu marehemu wake mbele ya wageni. Mama akawaambia, "Bila Duale nisingetamka hata neno." Ilikuwa heshima tu. Wao wakaichukua kuwa ushahidi. Filamu ilipoonyeshwa mjini mwaka uliofuata, tulimwona Duale wa uongo, kijana mzuri asiyejua hata kumfunga ngamia, akimfundisha Qali wa uongo mashairi, naye akiitikia kama mtoto wa chekechea. Hata shairi la kumlilia binti yao Nafiso, ambalo Mama alilitunga peke yake kaburini, lilitiwa mdomoni mwa Duale.

"Ayeeyo, bibi yetu, kumbe ulikuwa unaazima!" kijana mmoja akapaza sauti. Ukumbi mzima ukacheka.

Mama akamwendea mkubwa wa filamu. "Hilo la Nafiso ni langu."

"Mama, usikasirike. Hii ni filamu tu."

"Na mtoto niliyemzika, naye ni filamu tu?"

Yule bwana akaangalia saa yake. Hakuna kilichorekebishwa.

Tangu hapo watoto wa mtaa wetu wa Iftin wakawa wanasoma mashairi yake wakianza, "Duale asema." Mama aliwasimamisha njiani, akawarekebisha mmoja mmoja, mpaka wakalifanya jambo hilo mchezo: wanasema makusudi, halafu wanakimbia. Akaacha kutunga. Tulipomuuliza, alisema, "Nitunge, nimpe nani tena?"

Baada ya mafuriko ya 1997 malaria ilimlaza, kisha figo zikachoka. Alifariki nyumbani Iftin, Jumamosi tarehe 14 Machi 1998, akazikwa siku hiyo hiyo. Ameacha mwanawe Mowlid, ambaye ni mume wangu, binti yake Hinda, dada yake Lul, na wajukuu. Mwenyezi Mungu ampokee kwa rehema, na ampe huko haki aliyonyimwa hapa.

Wiki yake ya mwisho alitaka binti yangu mchanga, Muslimo, alazwe kando yake. Mtoto akawa analia.

"Fosia, huyu usingizi umemkataa. Mwimbie lile la Nafiso."

"Mama, lile ni la msiba."

"Hata mimi nilimlilia Nafiso kama ninayembembeleza. Mwimbie. Ila uanze na jina langu, mwanangu, nakuomba, hata kama haelewi bado."