Sefu la Bunduki Kumi

Basi dogo la kwenda Miles City lilikuwa limejaa baridi. Bibi Lorna alikuwa anafuma soksi huku masikio yake yakiwa kiti cha mbele, ambako kijana Trent alikuwa anamwonyesha mzee Verlin picha ya sefu, kasha la chuma la kufungia bunduki.

"La bunduki kumi, mzee. Marehemu baba kaniachia kumi hizo hizo."

"Wanahesabu kumi zisizo na darubini za kulengea," mzee akasema. "Langu liliandikwa kumi na mbili, likameza nane."

Trent akacheka. "Zilizobaki ukaziweka wapi, jikoni na mafagio?"

"Ndiyo. Nyuma ya mlango wa jikoni, na mafagio. Mjukuu wangu akaenda kuchukua fagio. Tulimzika na viatu vyake vya shule."

Bibi Lorna akapotewa na hesabu ya mishono.

Trent aliukumbatia mfuko wa nepi za mwanawe uliokuwa magotini pake. "Lakini sefu kubwa zaidi halipiti mlangoni kwangu, mzee."

"Bomoa mlango."

"Nyumba ya kupanga! Mwenye nyumba atanifukuza."

"Akufukuze."

Basi likasimama. Mzee akashuka bila kuaga, na Trent akabaki akiupima mlango wa basi kwa macho.