Jumamosi ya Mzee Gitari Pale Kiirua

Wachungaji, majirani, jamaa wa Embu na wa Meru, mimi ni Ednah, kifungua mimba wa Mzee Gitari wa Nthiga, na familia imenipa karatasi hii niisome bila kulia, nitajaribu.

Baba alizaliwa tarehe 3 Machi 1927 huko Runyenjes, akasoma shule ya misheni kuanzia 1937 hadi darasa la nne, akajifunza udereva, na mwaka 1950 akaajiriwa kuendesha basi mjini Embu, kazi aliyoipenda kuliko chakula.

Agosti 1955, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilipopigana na Mau Mau, alipewa kuwaendesha Wayahudi waliosali pamoja huko Rhodesia, familia kumi na watoto wao, waliokuja nchi yetu kutembea, awazungushe Mlima Kenya kupitia Meru. Enzi hizo Mwembu hakutoka wilaya yake bila kibali, na cha baba kiliisha Ijumaa tarehe 12, saa kumi na mbili jioni. Springi ya basi ilikatika karibu na Kiirua, huko Meru, na alipomaliza kuifunga jua lilikuwa limezama, Sabato yao imeingia, nao hawasafiri siku hiyo, wakalala kwenye darasa la shule, na baba, badala ya kuwaacha watoto akajiokoe, akabaki.

Asubuhi askari wakaja, mkubwa wao akasema bila barua ya kueleza kuchelewa kule, yenye sahihi ya kiongozi wa wageni, dereva anapelekwa kambi ya kizuizini. Kiongozi huyo, Bwana Perez, alieleza yote kwa mdomo, lakini kuandika siku ya Sabato kwao ni mwiko, akaomba wangoje hadi jioni, mkubwa akakataa. Baba alituambia wazi kwamba alimchukia yule mzee kabisa. Alikuwa ameshapandishwa lori Bwana Perez alipomfuata kumwuliza kama watu hurudi kutoka kambini, naye baba akajibu, "Kwetu wamechukuliwa wanne, hakuna mwenye amerudi." Mzee akawageukia watu wake, akawaambia sheria yao yenyewe huweka uhai wa mtu mbele ya Sabato, akaomba kalamu, akaandika mbele ya watoto wake, ambao hawakuwa wamemwona akiandika siku hiyo tangu wazaliwe. Baba akashushwa, akakaa chini barabarani akicheka.

Tarehe 22 Desemba 1956 alimwoa mama yetu Makandi, msichana wa Kiirua aliyewaletea watoto wa wageni maziwa asubuhi ileile, na mama bado anasisitiza kuwa alileta maziwa tu.

Kisukari kilimpata 1991, akakivumilia bila kelele, akatutoka Jumanne tarehe 9 Novemba 1999, usingizini, bila maumivu, na roho zetu zimetulia.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliochota maji na madereva wenzake. Tunamshukuru pia Bwana Perez, ambaye hatujui amezikwa wapi, kwa kuwa sisi watoto saba tuliosimama hapa tulizaliwa sote baada ya sahihi yake.

Baba, umefika salama, pumzika.