Marehemu Kamaludin Bwanamkuu na Maji Moto ya Udhu wa Mamake

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba 1958, baada ya sala ya asubuhi, Bwana Athman, mkwewe Kamaludin, alirudi Mkomani kutoka hospitali. Alimkuta Bi Mwanamkisi, mamake Kamaludin, juu ya msala.

"Bibi, Mola amemtaka Kamaludin."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alikuwa na mtu wa kumtamkisha kalima?"

"Alikuwa na mkewe."

"Alhamdulillahi," akasema mama, na hapo ndipo alipolia.

Marehemu alizaliwa Mkomani mwaka 1909, mwana wa pekee wa Bi Mwanamkisi na Bwanamkuu Jaafar. Alihitimu Kurani chuoni akiwa na miaka kumi na mmoja, kisha akajifunza ufundi wa shaba kwa mjombake. Mwaka 1934 alimwoa Bi Umi Abdulkadir.

Mwaka 1953 viungo vya mamake vilishikwa na baridi yabisi. Maji baridi yalimvimbisha mikono, akaruhusiwa kutayamamu kwa mchanga. Alitayamamu huku machozi yakimtoka, maana udhu wa maji aliuzoea tangu utotoni. Kamaludin hakustahimili kuyaona. Alizungusha bomba la shaba nyuma ya meko, akaliunga na pipa lililokaa karibu na choo. Kila chungu kilipochemka, na maji ya pipa yalipata moto. Majirani walikuja kuligusa bomba, wakaondoka wakipuliza vidole.

Mei 1954 ikaingia Ramadhani. Siku ya kwanza, adhuhuri, Bi Mwanamkisi alifungua bilula ya pipa, akaruka kwa baridi ya maji. Meko hayakuwashwa tangu daku.

"Kamaludin! Mashine yako nayo imetia nia ya saumu?"

"Mama, nisamehe! Nalifikiri kila kitu, nikausahau mwezi mtukufu!"

"Fundi mzima!"

Kamaludin alicheka hata akakaa ngazini. Kabla ya alasiri alikuwa ameweka stovu ya mafuta ya taa chini ya pipa, akaiita Naibu: meko yakilala, Naibu anashika kazi. Mama hakurudia mchanga tena.

Kifua kilimwanza marehemu Agosti mwaka huu, kikamlaza hospitali wiki tatu za mwisho.

Ameacha mama, mjane wake Bi Umi, mwanawe Fadhil, na bintiye Radhiya, mke wa Athman.

Jeneza lingali nyumbani, Bi Mwanamkisi alitawadha kwa maji moto ya pipa, kwa mikono yake mwenyewe, akamsalia mwanawe. Baada ya adhuhuri wanaume walimchukua. Fadhil alishuka kaburini kumpokea babake. Kaburi likafukiwa, talkini ikasomwa, watu wakarejea mjini.

Mola amrehemu, ampe mapumziko mema. Amin.