Msichana wa Darasa la Saba

Muuguzi alijifanya amesinzia kwenye treni ili asikie vizuri. Mbele yake, mke wa shehe na mke wa mchungaji walikuwa wakinong'onezana.

“Mume wangu alikataa katakata kumwozesha. Mtoto yuko darasa la saba!”

“Baba mtu akaja mbio kwetu, eti amebadili dini tangu jana! Mchungaji naye akamtolea nje. Sasa afungwe tu.”

“Akifungwa, dada yangu, mtoto atajilaumu maisha yake yote. Tuzungumze na baba yake kwanza.”

“Tukizungumza naye, kesho atamtorosha!”

Muuguzi alishindwa kuamua nani ana haki. Treni ikasimama. Wakamwamsha taratibu msichana aliyelala katikati yao, wakateremka wakibishana, kila mmoja amemshika mkono.