Mtani Anaomba Ufunguo wa Pikipiki ya Mzee Ukasha

Mheshimiwa Diwani wetu, uliyefika mapema kabla hata pilau halijaiva, jambo ambalo wananchi wa Chanika hatujalizoea. Shehe wetu na Baba Paroko, mliokaa jirani kwenye feni moja bila kugombana. Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa. Ndugu zangu waendesha pikipiki za safari, mliovaa makoti ya ngozi kwenye jua hili la Handeni mpaka nawaonea huruma. Mama Hafsa, mke wa mzee na mwenye nyumba. Watoto, wakwe na wajukuu. Na wewe mwenyewe, Mzee Ukasha Mdoe, uliyeketi kiti cha mbele umepakata helmeti kama mtu anayetaka kutoroka kabla sijamaliza: Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Ambao hamkuitikia popote, nawajua, na nitawafuata kwenye chakula.

Kwa wageni, mimi naitwa Grasiana, muuguzi mstaafu, natoka Kwamndolwa, Korogwe. Babu yangu alikuja kutoka Tabora kukata mkonge kwa msimu mmoja, na huo msimu haujaisha mpaka leo. Kwa hiyo mimi ni Mnyamwezi niliyezaliwa Korogwe, na Mzee Ukasha ni Mzigua wa hapa hapa, na maana yake mnaifahamu vizuri. Sisi ni watani. Watoto wake wakimwambia neno, ni utovu wa adabu. Mkewe akimwambia, ni kelele. Shehe akimwambia, ni mawaidha, atayafikiria ukija Ramadhani. Lakini mtani akimwambia, hata mbele ya Mheshimiwa Diwani, hana ruhusa ya kununa. Akinuna tu, faini yake ni mbuzi. Mzee, umesikia? Tabasamu basi, watu wanakutazama.

Binti yake, Ikram, ndiye aliyenipigia simu. Akaniambia, "Shangazi, sisi tumeshindwa, njoo wewe." Kadi za mwaliko zikaandikwa kwamba leo tunampongeza Mzee Ukasha kwa miaka yake ya kuendesha pikipiki. Yeye amekuja na koti lake jipya akiamini atapongezwa. Hakukosea, na mimi nimesimama hapa kumpongeza.

Nani asiyeijua pikipiki ya Mzee Ukasha? Ile pale kwenye mteremko, nyeusi, ina masanduku ya bati mawili ubavuni na la tatu nyuma, na kioo cha mbele kipana kuliko dirisha la jikoni kwangu. Aliinunua kwa Mjerumani wa mradi wa maji alipokuwa anarudi kwao. Bwana mifugo huyu, aliyezunguka vijijini maisha yake yote kwa kapikipiki ka serikali kalikokohoa kuliko wagonjwa wangu, siku alipostaafu akasema sasa na yeye anataka kuiona nchi. Na ameiona! Ameendesha mpaka Kigoma. Ameendesha mpaka Mbeya, akavuka Malawi, na Mama Hafsa akiwa nyuma yake, kajifunga mtandio, anapunga mkono kama mke wa waziri. Hizo safari ni za kweli, na mimi sizifanyii mzaha, kwa sababu nilizionea wivu.

Sasa naomba niingie kwenye pongezi zenyewe.

Kwanza nakupongeza, mgosi, kama mnavyoitana wanaume wa huku, kwa elimu yako ya miteremko. Ndugu wageni waalikwa, pikipiki ile ina uzito wa dume la ng'ombe lililoshiba, na haina gia ya kurudi nyuma. Ukiipaki vibaya, lazima uisukume kwa miguu yako mwenyewe. Zamani Mzee aliisukuma huku anapiga soga. Siku hizi haulizi tena kama hoteli ina chakula kizuri. Anauliza uwanja wake unateremkia upande gani. Mwaka huu alikuja kwangu Kwamndolwa kunijulia hali, na uwanja wangu, kwa bahati mbaya, ni tambarare. Hakushuka! Alinijulia hali akiwa juu ya pikipiki, injini inanguruma, kuku wangu wote wamekimbilia kwa jirani. Nikamletea chai huko huko juu. Akanywa, akasema ana haraka, akaondoka. Mtu aliyestaafu, haraka ya kwenda wapi?

Pili, nakupongeza kwa ukarimu wako kwa vijana wa bodaboda. Kila akikwama pale stendi ya Korogwe, anawaita: "Njooni mpige picha na mashine ya Kijerumani." Vijana wanakuja mbio. Anawapanga, wawili mbele, watatu nyuma, anawaambia, "Hapa kuna kivuli, isogezeni kidogo picha itoke vizuri." Wanaisogeza. "Kidogo tena." Wanaisogeza. Ikishaangalia barabara, anawaaga. Wale vijana mpaka leo wanajua wameheshimiwa. Mnacheka? Na nyie wenye makoti ya ngozi mnacheka? Ninyi mmejifunza wapi kupaki kwenye mteremko, kama si kwake?

Tatu, na hapa naomba utulivu, nakupongeza kwa ukaguzi wa injini.

Mtakumbuka Mzee alipanda Dindira wakati wa mvua, kumtazama mgonjwa. Barabara ya kule mnaijua, ile ya kupanda kwenye mashamba ya chai. Kwenye kona moja akasimama apishe gari la chai. Akaweka mguu chini. Mguu ukakuta utelezi. Pikipiki ikalala taratibu, kwa heshima zote, na mguu wa Mzee ukiwa chini yake. Wakatokea akina mama wachuma chai, na matenga yao mgongoni. Wakamwuliza, "Shikamoo mzee. Umeanguka?" Mzee Ukasha, amelala ubavu kwenye tope, kioo kimemgusa pua, akawajibu: "Marahaba. Sijaanguka. Nakagua injini."

Wale akina mama ni Wasambaa, watu wa adabu. Wakamwambia, "Haya baba, ukimaliza kukagua utuite," wakaendelea kuchuma.

Akakagua. Akakagua weee, mpaka ukaguzi ukamchosha, akawaita. Wakaja, wakaweka matenga chini, wakainyanyua ile pikipiki huku wanaimba. Mmoja wao ndiye aliyenihadithia, kwa sababu ana binti yake Korogwe niliyemzalisha. Huku Chanika kwenu Mzee alihadithia kwamba alichelewa kwa sababu ya ukungu. Kuchechemea kwake akasema ni baridi ya milimani.

Watoto wake nao si wajinga. Wakachanga, wakamnunulia hii hapa, iliyofunikwa kitenge. Ikram, funua mwanangu. Haya, mtazameni bibi harusi! Nyekundu, nyepesi, miguu yote miwili inafika chini bila kujinyoosha, na mimi mwenyewe na mgongo wangu huu nimeisukuma asubuhi ya leo kutoka ukumbini mpaka hapa. Inapanda Dindira, inashuka Dindira, inafika Korogwe, na ukiwa na subira inafika Kigoma. Ina kiti cha watu wawili.

Na Mzee akafanyaje? Aliikalia mara moja, akashuka, akasema, "Hii ni ya kubebea mkaa." Akasema na lingine, ambalo ndilo lililomkaa moyoni: "Nikipita na hii, watu watanisimamisha kuniuliza Kwamndolwa ni shilingi ngapi."

Sasa hapo, jamani, tusimcheke sana. Ni kweli. Watakusimamisha. Mtu aliyekuwa akipita na ile mashine watoto wanakimbia barabarani kumpungia, kesho apite na hii, mama mwenye kapu la nyanya amwite, "Wewe boda!" Inauma. Mimi nilikuwa naitwa Sista wodi nzima inasimama. Nilipostaafu, wiki ya kwanza tu, mlinzi wa pale pale akaniambia nipange foleni na wenzangu. Naijua ladha yake. Kwa hiyo nakushauri hivi, mtani: wakikusimamisha, wabebe. Uchukue nauli. Miaka yote ulibeba bati tupu.

Lakini wewe, mgosi, pamoja na mbwembwe zako zote, kuna kitu hukukiona, au umekiona ukanyamaza. Tangu ile siku ya Dindira, Mama Hafsa hajapanda nyuma yako. Mnaelekea kwenye harusi moja, wewe na pikipiki, yeye na basi. Ukimwuliza, anasema magoti. Mimi ni muuguzi, na magoti ya Mama Hafsa nimeyaona yakicheza ngoma mwezi uliopita. Yako salama kuliko ya kwako. Anaogopa. Anaogopa na hawezi kusema, kwa sababu akisema utajua kwamba amekuona umezeeka, na yeye anakupenda mno hataki ujione hivyo machoni pake. Mama Hafsa dada yangu, usiiname. Hujasema wewe, nimesema mimi.

Hapa nafika penye shida, na mtanivumilia nikikohoa.

Mzee Ukasha hakununua peke yake ile pikipiki. Mjerumani alikuwa nazo mbili. Ya pili aliinunua mume wangu, Dominiko. Wengi wenu mlimjua. Waliongozana wawili hawa, Mzigua na Mnyamwezi, wanatukanana kwa utani njia nzima, na barabara ya Handeni mpaka Korogwe haikuwa na watu wenye furaha kuwazidi. Dominiko wangu naye aliijua miteremko. Naye aliwapanga vijana wapige picha. Nilimwambia, "Baba, punguza, chukua ndogo." Akaniambia, "Grasi, hizo ni kelele."

Watu wanadhani aliuawa na mwendo. Hakuwa kwenye mwendo. Alikuwa anageuza. Amesimama pembeni mwa barabara, kwenye changarawe, anaigeuza arudi nyumbani kwa sababu alisahau dawa zake. Ikamlalia kifuani. Mahali penyewe hapakuwa na wachuma chai.

Tukazika. Na kwenye mazishi ya Mnyamwezi watani lazima waje, na wewe mtani wetu mkubwa ulikuja. Ulisimama pembeni ya kaburi, ukamsema Dominiko kama mila inavyotaka. Ukasema, "Kichwa ngumu wewe! Nimekuona mara ngapi unashindwa kuisimamisha hiyo pikipiki! Nimekuona mikono inatetemeka! Nimekuona pale Segera umekaa juu yake kutwa, unasubiri mtu apite akusukume, na ulikuwa unasema unapunga upepo!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ndiyo mila, mfiwa akicheka kidogo anapata nguvu ya kutupa udongo. Nikaenda ndani nikalia mpaka nikaishiwa sauti.

Kwa sababu kila ulichosema kilikuwa kweli, Ukasha. Uliyaona yote hayo akiwa mzima. Alikuwa mtani wako, ulikuwa na ruhusa ya kumwambia mbele ya watu wote, na yeye angekuwa hana ruhusa ya kununa. Ungeweza hata kumnyang'anya ufunguo, akabaki anacheka. Ukamstahi, kwa sababu alikuwa rafiki yako na hukutaka kumwaibisha. Ukayaweka maneno yako yote mpaka siku ambayo hakuwa na masikio.

Sikulaumu. Wewe ulimpenda, na mtu hajui afanyeje na aibu ya mtu anayempenda. Lakini mimi nimekaa na maneno yale miaka yote hii, nikasema, mimi Grasiana sitafanya hivyo. Mtani akiwa na la kumwambia mtani wake, amwambie akiwa ameketi kwenye kiti, anakasirika, mkewe yupo, watoto wapo, pilau linanukia.

Kwa mila, ningeweza kuingiza mkono kwenye mfuko wa hilo koti lako jipya sasa hivi nikachukua ufunguo, na hakuna mtu hapa angenizuia, hata Mheshimiwa. Sitaki. Nataka uutoe kwa mkono wako, umpe huyu mwanamke aliyekaa pembeni yako, halafu uchukue mdogo huu nilioushika mimi. Watu wakisema umeshindwa, waambie umeshindwa na Mnyamwezi, hilo watalielewa.

Na siku yako ikifika, Mungu aiweke mbali, mimi nikiwa hai nitakuja kukusema kaburini. Hiyo huepuki. Nitakusema kwa ubahili wako, nitakusema kwa kukoroma kwako ambako Mama Hafsa amenieleza, nitakusema kwa hilo koti. Ila kuhusu pikipiki, rafiki yangu, nataka siku hiyo nikose kabisa la kusema.

Haya. Ikram, usimshike mkono, mwache asimame mwenyewe.

Anasimama. Hapana, msipige makofi bado, mtamtisha. Mama Hafsa, nyoosha mkono, unapewa. Umepata? Ushike vizuri, usimrudishie hata akikubembeleza kwa mahaba. Na wewe mgosi, njoo uchukue wa kwako. Unalia? Lia tu, mila haijakataza.

Mheshimiwa Diwani, ndugu wageni waalikwa, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu kwa muda wote huu na jua hili. Naomba tumpishe Mama Hafsa njia, anataka kupanda nyuma.